Ijumaa ya Mama Shani

Ilikuwa Ijumaa ya pili ya mwezi wa sita, nikiwa na miaka kumi. Siku hiyo jirani yetu Mama Shani alipoteza mpunga wake wote, shamba zima, kati ya adhuhuri na alasiri. Aliupoteza mikononi mwetu.

Ilinirudia kwa sababu ya kopo. Siku ya pili ya msiba wa mama yangu, hapa Kibiti, mtoto wa jirani alitia changarawe kwenye kopo la maziwa, akalifunga uzi, akawa analiburuta uchochoroni. Mimi nilikuwa nasugua masufuria. Niliposikia ile sauti mikono ilisimama, nikakaa chini kwenye majivu. Watu walidhani namlilia mama. Sikuwakatalia, lakini haikuwa hivyo hasa.

Utotoni tuliishi delta, upande wa Maparoni. Baba alitoka Songea kuja kununua kaa, akafia kule kule, mama akabaki na kaka yangu Festo na mimi. Kitongoji kizima Wakristo tulikuwa sisi tu, na hakuna aliyetusumbua kwa hilo. Mpunga ulipoanza kukomaa watu wote walihamia mashambani, kila familia na dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Kamba zilitoka dunguni zikaenda pande zote za shamba, na kwenye kamba yalining'inia makopo yenye mawe. Ukivuta, shamba linapiga kelele na ndege wanaruka. Ukisinzia, mwaka huo huna chakula. Mpaka leo naijua harufu ya yale matope yanapoanza kukauka, na utamu wa punje changa ukiitafuna, inatoa maji meupe kama maziwa.

Shamba la Mama Shani lilipakana na letu. Alikuwa mjane kama mama, na binti yake mmoja, Shani, alikuwa rika langu. Shani ndiye aliyenifundisha kuogelea na kutukana kwa Kindengereko. Kila Ijumaa wawili hao walivuka kijito kwenda kijijini, Shani akienda chuoni kusoma Kurani, mama yake akienda kumwogesha bibi yao mzee aliyepooza. Jumapili ilikuwa zamu yetu kuondoka. Tulikwenda kusali kigangoni, kwenye kanisa dogo la parokia, kwa mtumbwi na kisha kwa mguu, tukarudi jioni. Kwa hiyo wanawake wale wawili walipatana. Kamba za Mama Shani ziliongezwa mpaka zikafika dunguni kwetu, na zetu zikafika kwake. Ijumaa tuliamia kwake, Jumapili akaamia kwetu.

"Mama Festo, Ijumaa yangu hiyo, usije ukailalia," alisema akijifunga khanga kiunoni.

"Na wewe Jumapili yangu usiipigie soga."

"Mie nipige soga na nani huku, na nyani?"

Mama alikuwa mtu wa sala. Alisali akitwanga, alisali akipalia, na jioni alipiga magoti mpaka mimi nikalala palepale nimeegemea mgongo wake. Mama Shani alimtania: "Shoga, mpumzishe kidogo Mungu, ana watu wengine." Mama alicheka sana. Nasema hili ili msidhani walikuwa na ugomvi. Walipendana.

Mwaka ule Festo alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na tangu mwezi wa kwanza hatukusikia neno lake. Mtu mmoja akaleta habari kwamba ameonekana, amekonda, anaumwa. Mama akaanza novena, sala ya siku tisa. Aliweka nadhiri kwamba siku ya tisa, adhuhuri, atasali rozari nzima, matendo yote, ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, akiwa amepiga magoti, na hatanyanyuka mpaka amalize. Siku ya tisa ikaangukia Ijumaa.

Angeweza kumwambia Mama Shani. Angeweza kusali alfajiri, kabla ndege hawajaamka. Mimi nilidhani nitavuta kamba peke yangu, nilikuwa nimeshazoea. Lakini adhuhuri ilipofika aliniita nipige magoti kando yake. Alisema sala ya mtoto inafika upesi.

Tulikuwa kwenye tendo la pili la uchungu niliposikia. Kweleakwelea wakishuka hawalii sana. Unasikia mabawa tu, kama mtu anayekung'uta mkeka mkubwa.

"Mama, ndege."

"Salamu Maria," alisema, sauti ameipandisha kidogo.

"Mama, wako kwa Mama Shani."

Akanishika kifundo cha mkono. Hakunibana, alinishika tu. Kamba ilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuifikia kwa mguu. "Mungu atauangalia mpunga," alisema bila kufumbua macho, kisha akaendelea, nami nikaitikia. Kupitia upenyo wa makuti niliona shamba la Mama Shani halina tena rangi ya mpunga. Lilikuwa la kahawia, na lilikuwa linatembea.

Tulisali muda mrefu. Magoti yalinichoma, nikasahau nasali nini, nikawa naitikia tu. Kisha, tukiwa tumeanza matendo ya utukufu, ndege waliruka wote kwa pamoja, wakazunguka mara moja, wakashuka kwenye kona ya shamba letu.

Mama alifumbua macho. Akaniachia mkono. Alinyanyuka, akaishika kamba yetu kwa mikono miwili, akaivuta na kuivuta, huku akipiga makelele mpaka sauti ikamkauka. Ndege wakaondoka, wakaelekea mikokoni. Yeye akarudi, akapiga magoti palepale, akaendelea pale alipoishia.

Mama Shani alirudi alasiri. Alisimama ukingoni mwa shamba lake muda mrefu. Mabua yalikuwa yamesimama vizuri, ila juu hayakuwa na kitu. Shani alianza kulia, akaambiwa anyamaze. Kisha mama yake akaja chini ya ngazi yetu.

"Mama Festo, imekuwaje?"

"Wamekuja wengi, mwenzangu. Wametushinda."

Akanitazama mimi. "Eti, Tina?"

"Walikuwa wengi," nilisema.

Ilikuwa kweli. Walikuwa wengi.

Jumapili ile tulikwenda kigangoni kama kawaida. Wakati wa kurudi, tukiwa bado mbali, tulisikia makopo yetu yanalia. Mama Shani alikuwa juu ya dungu lake, anavuta kamba zetu, na sauti yake imekwisha. Alikuwa ameamia kwetu kutwa nzima, na kwake hapakuwa na kitu cha kuamia. Mama alimpungia mkono. Hakumtazama sana.

Baada ya wiki mbili mnunuzi wa kaa alileta salamu: Festo ni mzima, amepata kazi. Jumapili iliyofuata mama alisimama kigangoni akatoa ushuhuda. Alisema kwamba siku ya tisa shetani alileta ndege ili amnyanyue kwenye magoti yake, naye hakunyanyuka. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la mbele na watoto wenzangu, nikatazama vidole vya miguu yangu.

Tulivuna. Mama alipeleka gunia zima kigangoni, la shukrani. Kwa Mama Shani alipeleka ungo mmoja. Mama Shani aliupokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaurudisha ungo umeoshwa. Mwezi wa nane alifunga vyombo, akahamia Nyamwage kwa kaka yake, akawa anakaanga mihogo barabarani. Bibi mzee hakuweza kusafirishwa, akaachwa kwa majirani, na mvua za mwaka uliofuata hakuziona. Shani hakuendelea na shule. Nilisikia aliolewa akiwa na miaka kumi na mitano. Siwezi kusema yote hayo yaliletwa na ndege. Lakini wenye mpunga hawakuhama mwaka ule.

Sasa niwaambie ninyi mnaosoma jambo ambalo sikuwahi kumwambia padri. Kwa miaka mingi niliamini kosa la mama ni kule kunyanyuka. Nilimwogopea Festo, maana nadhiri ilikuwa imevunjwa na aliyejua ni mimi tu. Salamu zake zilipofika, nilifurahi kwamba Mungu hakuona. Nilikuwa na shamba langu na watoto wangu nilipoelewa kwamba alichelewa kunyanyuka. Masikio yake yalisikia ndege tangu mwanzo. Mimi bado nasali rozari, sijaiacha. Naisali asubuhi mapema, watu hawajaamka, ili atakayenihitaji asinikute nimefumba macho.

Mama Shani alikuja msibani kutoka Nyamwage. Sijui nani alimpa habari. Alikaa siku tatu, akapika, akachota maji. Alikuwepo kaburini wakati katekista aliposema kwamba tunamzika mwanamke aliyejua kupiga magoti. Siku ya tatu, tukimenya viazi, nilimwambia.

"Mama Shani, siku ile mama alinyanyuka. Walipohamia kwetu."

"Najua," alisema. "Niliukuta mpunga wenu umesimama."

"Nisamehe."

"Wewe ulikuwa mtoto."

Nilingoja aseme na la mama. Alimaliza kiazi alichokishika, akakitia majini, akachukua kingine.

"Nimekuja nimemzika, Tina. Usinitake zaidi ya hapo."

Jioni ile alipanda gari akarudi Nyamwage. Misa ya arobaini ilikuwa Jumamosi iliyopita. Siku mbili kabla, nilimpigia simu kumwalika. Mara ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Mara ya pili alipokea mtoto, nadhani ni wa Shani. Nikasikia ananong'ona na mtu, kisha akarudi kwenye simu.

"Bibi amesema hayupo," akaniambia.