Mkasi wa Jirani

Nikifungua nyumba tuliyowaandalia wakimbizi wapya, harufu ya nailoni ya magodoro hunirudisha Hallonbergen, mtaa tuliofikia Uswidi, utotoni.

Mama alitukataza kuitoa nailoni iliyofunika magodoro yetu. "Godoro ni la serikali, wanangu. Tukilichafua, wataturudisha kambini." Miezi mitatu tulilala hivyo, nailoni ikilia kila tulipogeuka.

Jirani yetu, mama wa Kivietinamu aliyekimbia kwao kwa mashua na kuokolewa baharini zamani, alizisikia kelele zile ukutani. Akabisha hodi, mkasi mkononi.

"Mwambie mama yako mimi niliilalia nailoni hiyo mwaka mzima," aliniambia kwa Kiswidi. "Hakuna anayerudi kuchukua godoro."

Nikatafsiri. Mama aliutazama mkasi, akaketi kitandani, akaikata nailoni mwenyewe.

Siku hizi orodha ya vifaa vya nyumba hizi naipanga mimi. Kabla ya sufuria na mablanketi, naandika mkasi.