Mtu wa Pili Chini ya Theluji

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na ilikuwa mchana. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakachoniuliza. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa London, na shahidi wangu yu hai.

Mimi ni muuguzi, naishi Thamesmead na mdogo wangu Musyoka. Yeye aliingiwa na wazimu wa milima. Alijiunga na kikundi cha wapandaji, wakapanga kwenda Uskoti wakati wa baridi. Mtoto wa Kitui na theluji, wapi na wapi? Nikaamua kwenda naye, maana angepatwa na jambo, mama angeniuliza mimi.

Kabla ya safari, mwalimu wa kikundi, mama mmoja wa Kiskoti, alitufanyisha mazoezi kwenye nyasi karibu na ziwa la mtaani kwetu. Kila mmoja alipewa kifaa kidogo cha kufunga kifuani. Ukifukiwa na theluji, kifaa kinatoa mawimbi, na wenzako wanayafuata kwa vifaa vyao hadi ulipo. Mwalimu alificha kimoja ndani ya mfuko, tukitafute. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa walitushangaa, na hawakukosea.

Zamu yangu ilipofika nikaufuata mshale wa kwenye kioo cha kifaa. Ukanipeleka nyuma ya vichaka, mlio wa kifaa ukizidi kwenda mbio. Niamini, pale uliponifikisha hapakuwa na mfuko. Palikuwa na kijana mweusi amekaa chini, magoti kifuani. Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini mabegani mwake kulikuwa na theluji, na haikuyeyuka.

"Umefika, dada," akaniambia. Kwa Kikamba!

Nikamuuliza yeye ni nani. Alisema tu, "Mkifika kule, theluji ikiguna chini ya miguu yenu, msivuke."

Mwalimu akaniita. Niligeuka, na niliporudisha macho kijana hakuwepo. Nyasi alizokalia zilikuwa ngumu kwa barafu. Mfuko ulipatikana upande mwingine kabisa. Mwalimu akasema kifaa changu kina hitilafu, akanipa kingine.

Wewe ungefanya nini? Nilimwambia Musyoka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, shifti zimekuchosha."

Tukaenda. Huko upepo ulikuwa umevuma na kurundika theluji upande mmoja wa mlima. Mwalimu alituonya kwamba theluji ya namna hiyo haijashikana na iliyo chini yake, kwa hiyo tupite juu, tuufuate mgongo wa mlima. Musyoka alikuwa mbele. Mara nikasikia mguno mzito chini yetu, kama mtu mzima anayejigeuza kitandani.

"Musyoka, rudi!"

"Nakata kona tu, dada!"

Akaacha njia. Ufa ukakimbia juu yake, mwembamba kama uzi, kisha mteremko wote ukashuka naye. Baada ya hapo kimya. Kimya kile sikipendi hata leo.

Tukateremka na vifaa vyetu, mimi nikilia na kuomba. Tukachoma theluji kwa fimbo ndefu mpaka moja ikagusa kitu laini, tukachimba kwa koleo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikamfuta theluji mdomoni. Akakohoa, akapumua.

Tukazima kifaa chake. Mwalimu akatazama cha kwake, akakunja uso. "Bado kuna mtu mwingine hapa chini," akasema.

Tukajihesabu. Tulikuwa kamili. Hata hivyo mlio uliendelea, na waokoaji walipofika walichimba hadi kwenye mawe. Hapakuwa na mtu. Mlio ukakatika wenyewe.

Hospitalini Musyoka alinivuta karibu. Hakuwa akicheka tena.

"Dada, sikuwa peke yangu. Kuna mtu alinishika mkono. Aliniambia kwa Kikamba nisipige kelele, nipumue polepole, dada yangu anakuja. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema, 'Mimi hakuna anayejua kama nilikuja.'"

Mpaka sasa Musyoka hawezi kujifunika blanketi kichwani. Mkono ule ulioshikwa haupati joto. Nikimpa kikombe cha chai nausikia ulivyo baridi, na hata kiangazi huvaa glavu. Nami nimeulizia kwa Wakamba wa London, kanisani, misibani, kama kuna familia iliyopotelewa na kijana. Hakuna anayemjua. Lakini kila mama ninayemuuliza huacha kunisikiliza, akatoa simu, akampigia mwanawe.

Basi nawe, kama lazima uende, soma hali ya theluji kabla ya kutoka, na anayekuambia rudi, rudi. Halafu, kabla hujafunga mlango, mpigie mtu wako. Mwambie unakokwenda, hata kama atakugombeza.