Siku Niliyolinywesha Gari Maji

Kuna siku moja ya vita ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Jana ulinijia na bidoni mpya, dumu la plastiki, mkononi ukaniuliza kama hii dawa ya radiatere isiyo na maji ni ya kweli au ni maneno ya wauzaji. Nitakusimulia siku hiyo kabla sijaligusa gari lako. Kaa hapo kwenye tairi. Injini yako bado ina moto na hatuwezi kuifungua sasa, kwa hiyo nafasi ya kusikiliza unayo.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Vita vilikuwa vimeufunga mji wetu wa Kindu. Treni ilikuwa imelala stesheni na majani yameota katikati ya reli. Boti kwenye mto Lualaba zilipita kwa woga, na mara nyingi hazikupita kabisa. Ukivunja kipande cha gari, ulikuwa umevunja kitu ambacho hakina ndugu yake mjini. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nina diploma yangu, na ningependa kukuambia kwamba nilikuwa pia na akili. Lakini sitakudanganya. Diploma ilinijaa kichwani, na akili ilichelewa kufika.

Nilikuwa shofere wa kamioneti, lori dogo la Fundi Sumaili. Yeye alikuwa mzee wa mtaa wa Mikelenge, mwenye gereji ndogo ya mabati, mtu mpole asiyepandisha sauti. Hakuwahi kusoma Kifaransa, lakini injini aliijua kwa kuisikiliza tu. Kamioneti ile aliiunda mwenyewe kutoka kwenye magari matatu yaliyokufa. Shida yake ilikuwa radiatere. Ilikuwa imeoza, imechomewa mara nyingi mpaka inafanana na kanzu ya fukara. Maji yakipata moto yanasukuma, na yakisukuma, tundu lililozibwa jana linafumuka leo.

Basi kulikuwa na mgeni mmoja, injinia wa jenereta, aliyeondoka Kindu kwa ndege ya haraka. Alimwachia Fundi bidoni mbili za dawa hiyo, zenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Fundi aliniita. "Amisi, mwanangu, weye njo unajua Kifaransa. Nisomee."

Nikamsomea. Karatasi ilisema kwamba dawa hii inapoza injini bila hata tone la maji, kwamba haichemki pale maji yanapochemka, na kwamba haisukumi mipira kwa nguvu hata ikiwa na moto. Mwisho iliandikwa kwa herufi nene: isichanganywe na maji kamwe. Fundi akataka nirudie mstari huo. Nikarudia. Akataka tena. Nikarudia mara ya tatu, na moyoni nilikuwa namcheka mzee asiyeelewa haraka. Ukumbuke hilo unaponisikiliza: mimi mwenyewe ndiye niliyeusoma mstari ule, mara tatu, kwa sauti.

Fundi alimwaga maji yote, akakausha, akatia bidoni moja, ya pili akaiweka. Gari likabadilika. Wiki mbili tulikwenda na kurudi bila tone kuvuja, na madereva wengine wakaanza kuja gerejini kuuliza.

Wakati huo akaja Mama Feza, mkulima wa kijiji cha Tunda. Watu wa kwao walikuwa wamekimbilia msituni, na waliporudi walikuta maghala ni matupu. Hata mpunga wa mbegu walikuwa wameula, kwa kuwa mtoto mwenye njaa huwezi kumweleza habari za msimu ujao. Mama Feza aliingia Kindu kwa miguu, akapita kwa ndugu, akapita msikitini na parokiani, akakusanya mbegu kikombe kwa kikombe mpaka yakajaa magunia kumi na mawili. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya. Mbegu zikifika kwa wakati, Tunda watapanda. Zikichelewa, mwaka mzima watakuwa watu wa kuomba. Fundi akanikabidhi kamioneti. "Peleka mbegu za watu," akasema.

Sasa, mwanangu, wewe hukuzikuta safari za zamani. Katika njia ile, kila tulipofika kijito tulisimama kulinywesha gari. Ilikuwa desturi kama salamu. Abiria wanashuka, wananawa uso, anayeswali anatawadha, na shofere anachota maji kwa ndoo anajaza radiatere huku wote wanatazama. Shofere aliyepita kijito bila kusimama alionekana hana huruma au hajui kazi.

Nilipita kijito cha kwanza. Nikapita cha pili. Mama Feza, aliyekaa juu ya magunia na wenzake sita, akapiga bati la juu kwa kiganja.

"Shofere! Kijito kile kimepita! Mutuka hainywi?"

"Haina shida, mama."

"Haina shida? Hata mbuzi wanaipatiaka maji mbele ya kuichinja! Weye unataka kuchinja mutuka na kiu yake?"

Wakacheka wote. Mzee mmoja pale juu akaongeza, "Muache, mama. Iko na diploma. Diploma njo imemukausha roho."

Kicheko kile kiliniingia. Ningeweza kusimama na kusema maneno manne tu: ndani yake hakuna maji. Lakini niliona aibu kuanza kueleza, nikaogopa kuonekana shofere asiyejua kazi. Kwenye kijito cha tatu nikasimama. Nikafungua kifuniko. Juu kulikuwa na nafasi kidogo, ambayo Fundi aliiacha makusudi. Nikaijaza maji ya kijito, yenye rangi ya chai, mpaka yakamwagika. Abiria wakapiga makofi, nami nikajisikia mtu.

Dawa ikishaonja maji inaacha kuwa dawa. Tulipofika kijito cha nne ilikuwa inatoa mvuke, imepungua. Nikaongeza maji. Cha tano, maji. Ndivyo kosa linavyofanya, linakuomba uliongezee. Tulipofika kwenye mlima, kilichokuwa ndani ya radiatere ni matope ya vijito zaidi kuliko kitu kingine. Katikati ya mlima ikachemka, ikafumuka pale palipochomewa, na maji ya moto yakaruka mpaka kwenye kioo. Nikazima, nikaliachia gari lirudi nyuma polepole hadi chini. Nilijaribu mara tatu. Mara tatu tulirudi.

Abiria wakaniuliza, "Ni nini, shofere?"

Mwanangu, jibu nililotoa ndilo linalonitia aibu hata sasa nikiwa na mvi. Nilisema, "Ni ile dawa ya Fundi. Ni mbovu."

Mtu mmoja wa baiskeli alikuwa anapita kuelekea Kindu. Nikamtuma amwite Fundi, naye akabeba maneno yangu yote mawili: gari limekufa, na dawa ya Fundi ni mbovu. La pili lilifika kila mahali. Kabla Fundi hajapanda baiskeli yake, madereva wawili walikuwa wameshaondoa magari yao gerejini kwake.

Tulikaa pale siku mbili. Tuliogopa watu wenye bunduki, tukapikia bondeni ili moshi usionekane. Siku ya tatu asubuhi manyunyu yakaanza. Mama Feza alifunika magunia kwa turubai lililotoboka, juu yake akaweka majani, juu ya majani akatandika kitenge chake mwenyewe. Alikuwa ameacha mizaha. Mbegu ya mpunga ikilowa ndani ya gunia inaota humohumo, na ikiota humo haifai kitu. Alisema tu, "Hizi ni za watu, shofere. Si zangu."

Fundi Sumaili akafika, suruali imejaa matope hadi magotini, chuma cha kuchomea kiko mfukoni, na nyuma ya baiskeli amefunga bidoni ya pili. Alisalimia kila mtu kwanza. Kisha akainama mbele ya gari, akatazama, akaniuliza taratibu, "Ni dawa njo imeharibika?"

Nikasema ndiyo.

Akageukia baiskeli yake. "Basi na hii ni ileile," akasema, akaanza kufungua kamba. "Nitaimwaga. Tutajaza maji, tupunguze mzigo, tupandishe magunia sita. Yale mengine..." Akatazama mawingu.

Mama Feza naye alitazama magunia. Nilimwona midomo ikihesabu, ni mashamba gani yatapata na ni yapi yatakosa. Fundi alikuwa ameshazungusha kifuniko, bidoni imeinama kwenye majani. Nilikuwa na muda wa pumzi moja.

"Fundi, usimwage! Dawa ni nzima. Ni mimi niliyetia maji."

Akaisimamisha bidoni. "Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Mama Feza akasogea. "Papa Fundi, miye njo nilimusukuma. Nilimucheka."

"Mama," Fundi akasema, "weye haukusoma karatasi. Yeye alisoma. Alinisomea mara tatu."

Hakunipiga, hakunitukana. Mpaka leo nasikia uzito wa sentensi ile. Halafu akanyoosha mkono kupokea spana, akasema, "Lete funguo," na hapo ndipo kazi ilipoanza, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Tulimwaga kila kitu: kutoka radiatere, kutoka mipira, hata kutoka kwenye injini yenyewe kwa kufungua ile skrubu ya ubavuni ambayo wengi huisahau. Fundi akaziba tundu kwa chuma cha moto. Kisha tukakausha. Tulikausha na nini? Pompi ya baiskeli! Alifunga mdomo wa pompi kwenye mpira wa juu kwa kitambaa, na abiria wakapokezana kupuliza chini ya turubai. Yule mzee aliyeicheka diploma yangu alipuliza mpaka akakaa chini. Mama Feza alipuliza akiimba wimbo wa kutwanga mpunga, na wengine wakamwitikia.

Baadaye Fundi alitia dawa kidogo tu, akaitikisa ndani, akaifungulia chini, na tone moja akalidondosha juu ya chuma cha moto. Tone likalia chaaa na kuruka. "Maji yangali mumo," akasema. Tukapuliza tena. Mara ya pili lililia kidogo. Mara ya tatu tone lilikaa juu ya chuma likatoa moshi kimya, bila kuruka, na watu wakapiga kelele kana kwamba mtoto amezaliwa.

Tukajaza, na safari hii Fundi akakaa kando yangu. Magunia yote kumi na mawili yalikuwa juu. "Mushale wa joto utapanda," aliniambia. "Usiogope mapema. Tazama na usikilize."

Tukaushika mlima. Mshale ukapanda, ukafika pale ambapo siku zote tulikuwa tunasimama kuomba ndoo, ukapita kidogo. Niliendelea kukanyaga mafuta. Juu mtu akalia, "Shofere, simama, itachemka!" na nikasikia sauti ya Mama Feza ikimkata: "Nani asimame? Nyamaza, papa! Endesha, Amisi!" Nikasikiliza injini. Ilikuwa inaguna, lakini hapakuwa na mchemko, hapakuwa na mvuke, na mpira wa juu haukuvimba. Tukapita pale tulipofia. Tukapita kona. Mara magurudumu ya mbele yakawa mepesi na nikaona upande wa pili wote, kijani mpaka mwisho wa macho. Fundi alinipiga begani mara moja, kwa nguvu.

Tuliingia Tunda jioni hiyo kwa vigelegele. Wanawake walipokea magunia migongoni wakiyakimbiza ndani kama wagonjwa. Asubuhi walikuwa shambani, na mvua kubwa ilikuja siku ya tatu baada ya kupanda. Msimu ule Tunda walivuna, mwanangu. Walivuna wakala, wakaweka mbegu, wakagawa mbegu kwa vijiji vya jirani.

Mimi nilikuwa na mavuno mengine ya kushughulikia. Tuliporudi Kindu nilienda kwa kila dereva niliyemjua, na siku ya Ijumaa baada ya swala nikaomba nafasi nikasema mbele ya watu kwamba dawa ya Fundi Sumaili ni nzima na mwongo ni mimi. Wengi walirudi gerejini. Wawili hawakurudi kamwe, na Fundi alifariki wakiwa bado wanasema mabaya. Hilo sikuweza kulifuta, na silifichi.

Sasa umesikia. Dawa yako ni ya kweli. Nimeshaitia kwenye magari mengi hapa Mikelenge tangu amani irudi, na yanapanda milima yao. Lakini ukiitia, toa maji yote, hata yale usiyoyaona, na ukaushe bila haraka. Chukua rangi uandike kwenye kifuniko: usitie maji. Beba bidoni ya akiba, usitegemee kijito. Usidhani pia kwamba umepewa ruhusa ya kuichoma injini. Mshale uutazame kama mwanzo. Na abiria wakikucheka, waeleze kabla ya kuwasha gari, kwa maneno manne, halafu waache wacheke. Kicheko hakijawahi kupasua radiatere. Ukikosea, na utakosea, sema palepale kosa likiwa bado dogo, kwa sababu fundi anatengeneza kulingana na ulichomwambia. Ukimdanganya atamwaga kitu kizuri akidhani anakusaidia. Na jina la mtu ulilolichafua, ulisafishe kwa sauti ileile uliyolichafulia.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioogopa kukiri, mwanangu. Akupitishe kila mlima ukiwa na mzigo wako wote, na kule unakokwenda wakupokee kwa vigelegele. Amina. Haya, injini imepoa. Lete funguo.