Kuku Aliyepona Kabla ya Mume Wangu

Mume wangu alianguka na baiskeli Jumamosi, tarehe 3 Septemba 1994, saa nne asubuhi, kwenye mteremko wa kuingia mtaani kwetu Newala. Alikuwa amepakia mfuko wa salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, aliyoinunua katika moja ya maduka mapya ya watu binafsi yaliyokuwa yakifunguliwa kila wiki miaka ile. Muundi wa mguu wa kulia ulivunjika.

Aliyeitwa hakuwa daktari bali mama yake mkubwa kutoka Chilangala, bingwa wa kuunga mifupa. Aliunyoosha mguu kwa mafuta ya mbarika, akaufunga kwa vibanzi vya mianzi, kisha akafanya kama walivyofanya waliomtangulia: alimvunja mguu kuku tetea, akamfunga vilevile, akamwacha uani. Siku kuku atakapotembea bila kuchechemea, mgonjwa naye hufunguliwa.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilianza shule nikiwa mama wa watoto wanne, na sikuona aibu. Nilikuwa nikijiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, mlango wa watu wazima kuingia mtihani wa kidato cha nne, katika darasa la watu wazima la alasiri. Mada yetu ya mwezi ule ilikuwa mifupa. Nilijua kwamba mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita. Nilijua kwamba mfupa ni kiungo hai chenye damu yake, kwamba unapovunjika damu huganda kwanza, kisha hujengeka kiungio laini cha gegedu, na baada ya majuma mengi ndipo kiungio hicho hugeuka mfupa mgumu.

Kuku alitembea tarehe 24 Septemba, siku ya ishirini na moja.

"Umemwona?" mume wangu aliniuliza kutoka mkekani, uso umemng'aa. "Lete kisu, ukate kamba."

"Kuku ana uzito gani, na wewe una uzito gani? Ukisimama leo mfupa utapinda, uchechemee hadi kaburini."

"Shikamoo, daktari wa daftari!"

"Marahaba. Kisu sileti."

Alicheka, lakini nilimfahamu. Korosho zilikuwa karibu kuanza kudondoka, na wanunuzi binafsi walikwisha kuonekana barabarani na mizani zao. Mwanamume aliyelala wakati wa korosho hujiona mfu. Nikamwomba jambo moja: twende kwetu Masasi, nilikozaliwa, akapigwe picha hospitali ya Mkomaindo. Tulishuka Jumanne, tarehe 27, tukiwa nyuma ya pikapu, mguu wake mapajani mwangu njia nzima. Daktari aliusifu mfungo wa mianzi: mifupa ilikaa sawa kabisa. Lakini ufa ulikuwa bado wazi, na akaagiza asikanyagie mguu ule mpaka mwishoni mwa Novemba.

"Picha ni kivuli," mume wangu alisema tuliporudi. "Kuku ni nyama na damu. Kesho nasimama."

Nilituma ujumbe Chilangala alfajiri. Mama mkubwa alifika kwa miguu kabla ya adhuhuri. Alipapasa muundi kati ya vibanzi, macho ameyafumba, kisha akaiinua picha mlangoni penye mwanga. Hakuwahi kusoma hata herufi moja. Aliweka kidole juu ya ufa bila kuonyeshwa.

"Ni hapa," alisema. "Pamevimba, lakini bado pateke."

Nilidhani atanigeukia mimi anisifu. Alimgeukia yeye.

"Mwanangu, nani amekwambia kuku amepona?"

"Anatembea, mama mkubwa!"

"Kutembea hata mlevi anatembea. Tetea amepona akiatamia na kutoa vifaranga. Siku vifaranga watakapotoka kumfuata mama yao, nawe utatoka."

Mume wangu aliuliza kama tuna mtama wa kumpa yule kuku.

Nilimsindikiza mama mkubwa hadi njia panda. "Mama," nikamwambia, "desturi hiyo ya vifaranga sikuwahi kuisikia."

"Hata mimi nimeisikia leo," akajibu, akajitanda khanga begani na kushika njia.

Korosho za mwaka ule niliziokota mimi na wanangu. Mume wangu alikaa barazani akilinda mayai kama mlinzi wa benki. Alijifunza kutupa kijiwe kwa shabaha kila kipanga alipozunguka juu ya ua. Kuku aliatamia tarehe 1 Novemba. Vifaranga tisa walitotolewa tarehe 22, na Jumamosi ya tarehe 26 mama mkubwa alikuja, akapapasa, akafumba macho, akakata kamba.

Mume wangu alisimama ameshika mwimo wa mlango. Mguu ulikuwa mwembamba kama mche wa muhogo, lakini ulikuwa umenyooka. Akavuka ua polepole, hatua kumi na nne, nami nikizihesabu kwa midomo iliyofumbwa.

"Mnaona?" alisema kwa sauti, akiwa amemwelekea kuku. "Huyu ndiye daktari!"

Mama mkubwa alinitazama. Nilikuwa na mada nzima ya mifupa kichwani mwangu, na nilitamani sana kusema. Nikaenda kumletea mume wangu kigoda akikalie.