Koti la Mwenye Kinyago

Mimi ni fundi cherehani, na shule nilifika darasa la pili tu. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kunisahihisha. Maandishi nayasoma kwa kusuasua, lakini nguo naisoma kutoka ng'ambo ya barabara: nitakwambia imeshonwa kwa uzi gani, na kama fundi alikuwa na haraka.

Cherehani yangu iko ndani ya saluni ya mwanamke tunayemwita Mama Vibanio. Alinipa kona chini ya runinga, mgongo wangu ukutani, uso wangu kwenye kioo kikubwa cha wateja. Basi Jumamosi mchana, tamthilia ya nyotani ikianza, sote tunaitazama kwenye kioo. Hakuna anayegeuka: wateja wameshikwa vichwa, mimi nimeshikwa na kazi.

Tamthilia yenyewe ni ya dunia yenye majua mawili na majoka yanayokunywa mafuta. Mfalme kauawa, Malkia kapotea, na kuna mpanda joka aliyejificha uso kwa kinyago cha chuma. Huyo ni nani? Hapo ndipo saluni ilipogeuka bunge.

"Ni pacha wa Mfalme," muuza mitumba alisema. "Mwendo ni uleule."

"Si mtu kabisa, ni mashine," mwalimu wa chekechea akapinga. "Umewahi kumwona anakula?"

Mama Vibanio aliapa kwamba ni Mfalme mwenyewe, karudi kutoka miaka ijayo kuja kujizika.

"Haya, kama kuna majua mawili," nikauliza, "mbona kila mtu ana kivuli kimoja?"

Mama Vibanio akazima hata kikausha nywele. Tangu siku hiyo nikahesabiwa mjumbe kamili.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anashonea pembeni yangu, na kushona nilimfundisha mimi. Wiki hiyo nilikuwa nimemkatia karani mmoja koti lenye mikono miwili, yote ya kushoto.

"Mama, macho hayo," mkwe akasema taratibu. "Kukata niachie mimi, wewe ushone."

"Macho yangu yana nini? Karani mwenyewe kaumbwa upande."

Saluni ikacheka, lakini mimi iliniuma. Na ili kuwaonyesha kwamba naona, nikatangaza: "Mwenye kinyago ni mwanamke. Ni Malkia yule."

"Umejuaje, bibi?" mwalimu akauliza.

"Koti lake. Koti la kiume, upande wa kushoto hulalia wa kulia. La kike, wa kulia hulalia wa kushoto. Tazameni vifungo vyake. Lile ni la kike."

"Na asipokuwa Malkia?" mkwe akauliza.

Mdomo uliponza kichwa. "Asipokuwa yeye, basi macho yangu yamekwisha. Mkasi utakuwa wako."

Mkasi huo ninao tangu nikiwa mwali. Umenolewa mpaka umekonda kama mimi. Bila huo, mimi ni bibi wa kupinda pindo za suruali za watu.

Alhamisi walirudia kipindi. Kibiringo cha uzi kikanidondoka, kikaviringika hadi chini ya kioo. Nikakifuata, nikainama, nikainuka, nikageuka, na kwa mara ya kwanza nikaitazama runinga yenyewe uso kwa uso. Mwenye kinyago alikuwa anafunga koti. Kushoto juu ya kulia.

La kiume!

Kioo kilikuwa kimenigeuzia kila kitu. Fundi mwenye kisomo angeshtuka zamani, maana hata maandishi ya runinga yalikuwa yanakwenda kinyumenyume. Lakini mimi na maandishi hatujawahi kusumbuana.

Nikarudi kwenye kiti changu nimefunga mdomo. Kukiri? Mimi? Siku mbili nilikata nguo kama mtu anayeaga, polepole, nikisikiliza kila mlio wa mkasi.

Jumamosi saluni ilijaa hata wasiosuka. Mwenye kinyago akashuka kwenye joka, akakivua. Nywele zikamwagika mpaka kiunoni. Malkia! Akashika ukosi, akasema, "Hili ni koti la mume wangu. Nitalivaa mpaka nimlipizie kisasi."

Saluni ikalipuka. Muuza mitumba alinikumbatia na rangi yake ya nywele kichwani, blauzi yangu ina doa hadi leo. "Bibi una macho ya mwewe!" Hakuna aliyesikia maneno yale ya koti la mume. Nikaketi wima, nikapokea pongezi zote bila kurudisha hata moja.

Jumatatu karani akaja kupimwa koti jipya. Nikaushika mkasi, nikautazama, nikamsogezea mkwe.

"Makoti ya kiume kata wewe."

"Lakini mama, si umeshinda?"

"Ndiyo maana natoa. Ningeshindwa, ungekuwa umeninyang'anya. Ila magauni usiyaguse, ukiyakata nitanusa hata nikiwa nyumbani."

Kisha nikamwambia Mama Vibanio tuihamishe cherehani yangu hadi ukuta wa pili, niielekee runinga.

"Kwa nini, bibi?"

"Mwanga," nikamjibu.

Mkwe akaitazama runinga, akakitazama kioo, akainamia kitambaa upesi. Mabega yakawa yanamtikisika. Na acheke. Mkasi kaushika vizuri.