Asubuhi ya Aliyekubali Kushindwa

Ukitaka Bi Mahbuba akufukuze nyumbani kwake Azaiba, Oman, mtajie vyama. Zama za siasa Unguja, kabla ya uhuru, zilimpotezea kaka yake Msellem, hali yu hai. Msellem chama hiki, mume wa Mahbuba chama kile, na wasemaji wa majukwaani kila jioni wanachochea kuni. Watu wakasusiana maduka, wakasusiana harusi, mwisho wakasusiana hata maiti. Bakhit, mtoto wa Mahbuba, alipofariki angali mchanga, Msellem hakuja kuzika, na nyumba zao zilitengwa na uchochoro mmoja tu.

Sasa wote wako Oman, kaka yuko Quriyat, miaka chungu nzima, na salamu hakuna. Kila mmoja anashikilia kuwa upande wa mwenzake ndio ulioanza matusi. Ushahidi wa Bi Mahbuba watoto wake waliujua kwa moyo, maskini, kwa kuusikia.

Ramadhani ya mwaka 2000 ikamkuta mbele ya televisheni. Uchaguzi wa Marekani umekwama kwa kura chache, ramani imepakwa nyekundu na buluu, na kila upande unaapa kuwa mwenzake ndiye mchochezi.

"Hawa watachinjana," akamwambia bintiye Aliya. "Mie nnaujua mwanzo wake."

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, akatokea mgombea aliyeshindwa, amevaa tai, uso umechoka. Aliya akawa anafasiri: hakubaliani na mahakama iliyoamua kesi ya kura, lakini anaikubali hukumu, amempigia mwenzake simu kumpongeza, anawaomba watu wake wasimame na huyo mshindi.

"Kisha?"

"Basi, Mama. Anakwenda kwao."

"Na hao waliomfuata?"

"Na wao wanakwenda kwao."

Bi Mahbuba alingoja moshi, akangoja mapanga. Hakikuja kitu. Tasbihi ikasimama mkononi. Nchi kubwa vile, hasira zote zile, na mtu mmoja amezimeza mbele ya dunia nzima! Kumbe inawezekana. Kumbe hata wao kule Unguja ingewezekana, na hilo ndilo lililomliza.

Akamwambia Aliya ampigie mjomba wake. Aliya akamtazama kwanza, kisha akabonyeza namba.

"Umemwona yule mtu?" Bi Mahbuba akauliza, hata salamu hakutoa.

"Nimemwona," Msellem akajibu. Sauti yake ilikuwa imezeeka. "Nimekaa hapa, nnamtazama yeye tu."

"Kaka, miaka yote hii mie nnakuwekea maneno, nani alianza."

"Yaache, Mahbuba. Siku ya Bakhit nlisimama uchochoroni, nyuma ya mlango wa watu. Jeneza likapita, dogo vile, ningenyoosha mkono ningeligusa. Nliwaogopa wenzangu wa chama wasinione. Nkalisalia pale pale, peke yangu."

Bi Mahbuba aliiweka simu mapajani, na kaka yake bado yumo ndani yake, akamgeukia Aliya.

"Mjomba wako alikuja kuzika," akasema. "Tafuta gari, leo tunafuturu Quriyat."