Kofia ya Waya ya Shangazi

Shangazi yangu, fundi cherehani, alikuwa na mdomo wa kukata kitambaa bila mkasi. Kiharusi kikaja kikamfunga mdomo na viungo, kikamwachia masikio na akili timamu. Bahati mbaya, masikio hayo yalibaki nyumba moja na baba mdogo.

Baba mdogo alishampata mtu wa kununua cherehani. Chumba cha kushonea alitaka kukigeuza ukumbi wa pool.

"Dada amekubali," alitangaza. "Nimemuuliza, akapepesa."

"Shangazi anapepesa hata nzi akipita!"

"Basi na nzi kakubali."

Nikaenda hospitali kuomba msaada. Akaja nyumbani mtaalamu, dada mmoja mpole na kompyuta yake, akamvisha shangazi kofia yenye waya zilizosimama kama nywele zilizokosana na kitana. Akatueleza: kofia inanasa umeme wa ubongo, na ndani ya kompyuta kuna mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Shangazi akiwaza kusogeza mkono, iandike NDIYO. Akiwaza mguu, iandike HAPANA.

Wakafundishana asubuhi nzima, kisha wakajaribu.

"Mama, wewe ni mwanamke?"

NDIYO. HAPANA. NDIYO. HAPANA.

Baba mdogo alicheka mpaka akashikilia mlango. "Hilo tu hana uhakika nalo, ya cherehani atayajulia wapi?"

Mtaalamu akaongeza jeli chini ya waya, akakaza kofia mpaka nyusi za shangazi zikapanda. Wapi! Baba mdogo akampigia mnunuzi simu: njoo na mkokoteni.

Mnunuzi akafika, na yeye na baba mdogo walipoikokota cherehani hadi sebuleni, mtaalamu akaikodolea macho. "Hii inaendeshwaje?"

"Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, miguu inakanyaga huku chini," nikamwambia. "Kwa pamoja. Ukikosea, uzi unakatika."

Akajipiga paji la uso. "Mama, nikikuambia uwaze mkono, unawaza unashona?"

Shangazi akapepesa kwa nguvu zake zote. Safari hii hakuna aliyemsingizia nzi.

Kumbe! Kwa miaka yote ya ufundi, mkono na mguu vya shangazi vilikuwa vinaondoka pamoja, na kichwani havijawahi kuachana. Kompyuta ya watu ilikuwa imepewa kazi ya kutenganisha maharusi.

"Tunaanza upya," akasema mtaalamu. "Kwa mkono, waza unakata kitambaa kwa mkasi. Kwa mguu, waza unampiga mtu teke."

Macho ya shangazi yakatembea taratibu, yakatua kwa baba mdogo.

Somo likaanza, mnunuzi kakaa juu ya mkokoteni wake, kanuna. Mtandao ulishika haraka ajabu, hasa teke. Baba mdogo akajikohoza.

"Dada, niuze chereh—"

HAPANA.

"Imekwama hiyo! Haya, dada, cherehani ibaki?"

Kioo cha kompyuta kikatulia. 

NDIYO.

Mnunuzi akainuka, akashika mkokoteni. "Kaka, mwenye mali kasema. Mimi nanunua vyombo, sinunui kesi."

Baba mdogo akabaki kuisukuma cherehani chumbani peke yake, akihema, kampa shangazi mgongo. Kioo kikaandika HAPANA. HAPANA. HAPANA.

"Mbona hakuna aliyeuliza kitu?" mtaalamu akashangaa, akitaka kuzima.

"Mwache," nikamwambia. "Bado anapiga."